Aliyelemewa msimpime imani, shikeni zamu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nilifundisha shule ya msingi miaka 38, tangu 1982 hadi nilipostaafu 2020, na muda mwingi wa miaka hiyo nilikuwa nawakatia watoto insha zao ndefu kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo ukinikata sitanung'unika. Ila nitakapofika kwa mume wangu akiimba, tafadhali pasiguswe.

Jumapili mbili zilizopita ulichapisha barua ya ndugu mmoja aliyesema kwamba Mkristo anayetamka kuwa amelemewa amejifuta mwenyewe kwenye orodha ya waamini. Aliandika kwamba uchovu wa moyo ni mlango wa shetani, na dawa yake ni kufunga na kuomba mpaka utoke. Gazeti nilikuwa nimeliazima kwa jirani mwenye duka, ambaye hunipa akishamaliza kurasa za mpira. Niliisoma barua ile nimesimama palepale dukani. Nilikuwa nimefuata chumvi. Nikarudi nyumbani bila chumvi.

Simjui ndugu huyo na sikusudii kumgombeza. Huenda bado ni kijana, magoti yake hayajaanza kulia anapoinuka. Mimi yangu nimeyapiga sana, na sijutii hata siku moja. Lakini nimeishi Kagera maisha yangu yote, na nadhani watu wa huku tuna haki ya kusema neno juu ya kulemewa.

Nilikuwa na miaka 18 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978, watu wa upande wa Kyaka wakatujia na magodoro vichwani na mbuzi wameshikiliwa kwa kamba. Hayo yakapita. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wakagunduliwa mkoani kwetu. Sisi hatukuwa na jina hilo. Tuliita Juliana, kama kile kitambaa cha mashati ya magendo yaliyokuwa yakitoka Uganda, kwa sababu walioanza kukonda walikuwa vijana wa biashara, wenye mashati mazuri. Mama yangu alikuwa Kamachumu, si mbali na hospitali ya Ndolage. Alizaa watoto saba. Kati ya 1986 na 1994 alizika wanne. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, makaburi yale manne yalikuwa yamezungukwa na migomba iliyokwisha kuzaa na kukatwa na kuchipua tena.

Mama alikuwa mtu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa makanisani. Wanaojua watu wa Uamsho wa zamani wanajua maana yake: kutubu hadharani, kulipa deni hata la sindano, kuamka alfajiri kuimba. Mtu wa namna hiyo ungetegemea aombe kwa maneno laini. Mama hakuomba hivyo. Alikuwa akikaa sebuleni juu ya nyasi, miguu kaikunjia upande mmoja, kijukuu kimelala mapajani, na anamsema Mungu kama mtu anayemsema jirani aliyeazima jembe asirudishe. "Mukama, huyu naye umemchukua wa nini? Mimi hawa watoto nitawavisha nini? Wewe hukuniona?" Mimi wakati huo ni mwalimu kijana, nimesoma kidogo, nikaona aibu. Siku moja nikamwambia, "Mae, Mungu hasemwi hivyo." Hakuninyanyulia hata macho. Akasema, "Nikimnyamazia ndipo nitakuwa nimemwacha."

Neno hilo nililibeba kama miaka thelathini bila kujua nitalitumia wapi. Mama alilea wajukuu sita, mimi nikachukua watatu. Wote wapo, na mmoja wao sasa ni baba wa watoto wanne.

Nije kwa mume wangu. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, mtu wa hesabu, na kwenye kwaya ya usharika alikuwa sauti ya nne, ile nzito ya chini kabisa. Watu wa kwaya wanajua sauti ya nne ikikosekana wimbo unaelea kama mtumbwi usio na mzigo. Asubuhi moja ya Juni 2016 alikuwa akinyoa ndevu uani. Nikasikia kikombe cha maji kimeanguka. Nilipotoka nilimkuta ameegemea ukuta, povu la sabuni upande mmoja wa uso, na upande wa pili umeshuka. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakaenda. Alibakiwa na neno moja tu, "hapana". Alilitumia kwa kila jambo. Nikimwuliza unataka uji, "hapana", huku anaunyooshea mkono wa kushoto. Tulicheka wakati mwingine. Mara nyingi hatukucheka.

Wale ambao hawajauguza mtu wa kiharusi, ndugu mwandishi akiwa mmoja wao nadhani, niwaeleze kwa ufupi. Mgonjwa anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, vinginevyo mgongo unaoza. Uji unampa kijiko kimoja kimoja, kidevu kimeinama, usije ukapalia. Unafua shuka kila siku iendayo kwa Mungu. Pampasi za watu wazima ni ghali, kwa hiyo unajifunza kukata kanga za zamani. Bima ya ualimu ilisaidia dawa na mtu wa mazoezi, lakini bima haikugeuzi mgonjwa saa tisa usiku. Na saa moja asubuhi mimi natakiwa niwe mbele ya watoto 70 nafundisha sehemu na desimali. Binti niliyemwajiri kunisaidia alikaa wiki tano akaondoka. Simlaumu.

Tukiwa katika hali hiyo, Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu kasoro kidogo alasiri, ardhi ikatingishika. Nilikuwa barazani nachambua maharage. Kwanza nilidhani ni lori kubwa linapita. Kisha ungo wa maharage ukaanza kucheza wenyewe. Sisi wa Hamugembe, hapa Bukoba, tumejenga karibu karibu, nyumba nyingi za tofali zilizoshikwa kwa udongo, na tetemeko lile la 5.9 lilizipukutisha kama mahindi makavu. Ukuta wa jiko langu ulianguka ndani. Mume wangu alikuwa kitandani. Niliita sijui nikamwita nani, akaja kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegesha barabarani, tukamburuta mzee na godoro lake mpaka chini ya mwembe. Kijana yule akakimbia kwenda kutazama watu wake. Mpaka leo sijawahi kujua jina lake. Mkoani walikufa watu zaidi ya 15, mamia wakajeruhiwa, na shule kongwe kama Ihungo na Nyakato zikabomoka kiasi cha kufungwa.

Usiku ule hakuna aliyelala ndani. Ardhi iliendelea kukohoa. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na kanisa lilikuwa na nyufa, kwa hiyo ibada ikawa nje. Mchungaji alifungua Zaburi ya 46. "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu, msaada utakaoonekana tele wakati wa mateso. Kwa hiyo hatutaogopa ijapobadilika nchi, ijapotetemeka milima moyoni mwa bahari." Alipofika hapo mzee mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Mchungaji, mimi niliogopa!" Watu tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana yake. Mchungaji naye akacheka, akafunga kidole ndani ya Biblia, akasema, "Hata mimi niliruka dirishani. Zaburi haikusema milima haitatetemeka." Akaendelea kusoma. Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri, kwa kweli. Mengine siyakumbuki.

Sasa nafika pale nilipokuomba, Mhariri.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya jumuiya. Hatukuwa na nyumba ya kukutania, kwa hiyo walikuja kwenye turubai letu chini ya mwembe, watu kama 20, wengine wamejifunga mablanketi. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kunusanusa. Mume wangu alikuwa amelala kwenye godoro pembeni, ananitazama tu kwa jicho lile ambalo lilikuwa linaniuliza kila siku swali ambalo sikuweza kulijibu. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa kitabu, wa zamani, ule tunaouimba msibani na kwenye mavuno vilevile. Ubeti wa kwanza. Katikati ya ubeti wa pili nikasikia sauti ya nne.

Nikageuka kutazama ni mwanamume gani amefika. Hakuna aliyefika. Alikuwa ni yeye. Mtu ambaye tangu Juni hakuweza kusema "maji", hakuweza kusema jina langu, alikuwa akiimba ubeti mzima, maneno yote, kila silabi mahali pake, chini kabisa kule kwake kwa siku zote. Wengine wakaanza kunyamaza mmoja mmoja kwa mshangao, na yule mama aliyeanzisha akawakemea kwa mkono: imbeni, imbeni, msimwache peke yake. Tukaimba beti zote nne. Wimbo ulipokwisha nikamwinamia nikamwambia, "Baba, sema tena." Akanitazama, akajitahidi, akasema, "Hapana."

Baadaye mtu wa mazoezi alinieleza kwamba jambo hilo linajulikana. Maneno ya kawaida hukaa zaidi upande mmoja wa ubongo, ule ulioharibika, na wimbo hutegemea sana upande wa pili, ndiyo maana wagonjwa wengine wasioweza kusema huweza kuimba. Alinieleza kwa upole, kana kwamba anaogopa ataninyang'anya kitu. Hakuninyang'anya chochote. Nilimshukuru Mungu kwa ule upande wa pili. Ni nani aliyeuweka? Na ni nani aliyeuweka wimbo mle ndani, miaka arobaini ya mazoezi ya Jumatano na Jumamosi, kwenye benchi la mbao, na mwalimu wa kwaya mkali? Tangu siku ile tukawa na lugha. Asubuhi tuliimba. Nikimgeuza, tuliimba. Kama hakutaka kitu hakuimba, basi nikajua.

Ndugu mwandishi wa ile barua angependa niishie hapo, na mimi pia ningependa. Lakini nilisema nitasema kweli.

Mwaka uliofuata nilivunjika. Hakukuwa na jambo jipya, ni yaleyale kila siku. Siku moja nilikuwa nimetoka kumbadilisha, akachafua tena papo hapo, na mimi nimechelewa kazini, nikamfokea. Nilimfokea mtu asiyeweza kunijibu. Nikatoka nikaenda kukaa kwenye migomba nyuma ya nyumba, na nikatamani afe. Au nife mimi, sikuwa nachagua. Sikuweza kuomba. Nilijaribu kumsema Mungu kama Mama alivyomsema, nikakuta hata hasira sina.

Nilikwenda kwa mwinjilisti wetu jioni yake kuungama. Ni mtu mfupi, mkulima wa vanila, hana maneno mengi. Nilimweleza yote, hata lile la kutamani. Nilitegemea anipe siku za kufunga. Akafungua 1 Wafalme sura ya 19, pale Eliya amemkimbia Yezebeli, amekaa chini ya mti jangwani na anamwomba Mungu aichukue roho yake. Akasoma mpaka malaika anamgusa. Kisha akaacha kusoma akaniuliza, "Mwalimu, leo umekula nini?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi asubuhi.

Akamwita mke wake. Nikaletewa ndizi na maharage na kipande cha samaki, na mwinjilisti akatoka nje, akaniacha nile bila kutazamwa. Nilikula kama mtu wa njaa ya mwaka. Aliporudi alisoma mstari mmoja tu uliobaki: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Akasema tena kipande cha mwisho, polepole. Kubwa mno kwako. "Ni malaika anayesema hivyo," akaniambia. "Hakumwambia Eliya kwamba safari ni ndogo ila imani yake ndiyo haba."

Sijui kama ndugu mwandishi amewahi kuusoma mstari huo. Eliya alikuwa ametoka kushusha moto kutoka mbinguni sura moja tu kabla. Kama ni imani, alikuwa nayo ya kutosha mkoa mzima. Na bado alichoka, akalala, akaamshwa, akala, akalala tena. Mungu alimruhusu alale mara mbili.

Usiku ule mwinjilisti alitoa kauntabuku. Nilikuwa nalijua. Lilianzishwa katika usharika wetu miaka ya Juliana na bibi mmoja mzee wa kanisa, marehemu sasa, wakati ambapo kila mtaa ulikuwa na nyumba yenye mgonjwa, watoto, na hakuna mtu mzima anayesimama. Liliandikwa siku, nyumba, na nani anakwenda na nini. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama ikielekea Mwanza na mamia ya watu wetu, zamu zile zikageuka za nyumba za msiba. Halafu miaka ikaja mizuri kidogo, kauntabuku likawekwa kabatini. Mwinjilisti akafungua ukurasa mpya akaandika jina la mume wangu. Jumatatu usiku, mtu fulani kumgeuza kuanzia saa nne mpaka alfajiri, mwalimu alale. Jumatano kufua. Ijumaa mtu wa kukaa naye mchana. Nilitaka kukataa. Unajua sisi walimu. Akasema, "Mwalimu, uliwahi kushika zamu kwenye kitabu hiki wewe mwenyewe, 1991. Jina lako lipo." Akanionyesha. Mwandiko wangu wa ujana, mzuri kuliko wa sasa.

Nililala Jumatatu hiyo saa saba mfululizo. Jumanne asubuhi niliamka, na kabla sijavaa viatu nikajikuta ninaomba. Hakuna aliyenihimiza.

Ndipo nikajua kwamba kusali kwangu kulikuwa hakujafa, kulikuwa kumelala njaa. Na hapa sitaki msomaji anielewe vibaya, aseme kumbe huyu mama anasema ni majirani tu, Mungu hayumo. Usiku wa zamu zangu mwenyewe, ambazo bado zilikuwa sita kwa wiki, hakuna jirani aliyekuwepo. Saa tisa usiku, taa ya chemli kwa sababu umeme umekatika, mikono yangu chini ya mabega ya mtu wa kilo 80, nilikuwa na Baba Yetu. Maneno ya kwangu sikuwa nayo. Nilianza Baba Yetu wakati wa kumgeuza, na mara nyingi nilikuwa nimemaliza kumgeuza nikiwa nimefika "utupe leo". Nikaishia hapo. Utupe leo. Sikuomba ya mwaka, sikuomba hata ya kesho. Na siwezi kumthibitishia mtu, hili si somo la hesabu, lakini mikono ilipata nguvu ya kumgeuza, kila usiku, miaka mitano na ushee. Mimi ni mwanamke wa kilo 58.

Kuna jambo moja la aibu, nalo nitaliandika. Mwaka 2017 huohuo, kabla ya kwenda kwa mwinjilisti, wifi yangu alinipeleka kwa mhubiri mmoja wa hema. Jina lake silitaji. Aliniambia kiharusi ni laana ya ukoo, na kwamba vidonge vya presha vinamfunga malaika mkono. Akataka sadaka ya kuvunja laana, shilingi 150,000. Nilitoa. Nilitoa, Mhariri, mwalimu mzima, kwa sababu mtu aliyelemewa hununua chochote. Wiki mbili mume wangu hakunywa vidonge, na siku tuliyompima presha muuguzi alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Tulirudi kwenye vidonge jioni ile. Hema lilishahama. Naisema habari hii kwa sababu nilipoisoma barua ya ndugu yetu niliisikia ile sauti ya hema ndani yake, japo yeye naamini ameandika kwa moyo safi wala hakuomba senti ya mtu. Ni wazo lilelile: kama hujapona, kama bado unalia, kosa ni lako, ongeza. Ongeza maombi, ongeza sadaka, ongeza kufunga. Mtu aliyekwisha kuishiwa anaambiwa aongeze.

Mume wangu hakupona. Alifariki mapema mwaka 2022. Tulimwombea uponyaji kila Jumapili kwa karibu miaka sita, na wazee walimpaka mafuta mara mbili. Siku ya mwisho alikuwa amelala ubavu wa kushoto, nilikuwa nimemgeuza dakika chache tu zilizopita. Hakuimba.

Msibani walikuja watu wengi, na wengi walinishika mkono wakaniambia, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Ni maneno ya kweli. Lakini Ayubu aliyasema mwenyewe juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na mgeni aliyekuja na kiti chake. Marafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na mimi naona hiyo ndiyo wiki yao nzuri pekee katika kitabu kizima. Walipofungua midomo wakaharibu, mpaka Mungu mwenyewe akaja kuwakasirikia mwishoni, akasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Yule aliyelalamika sura baada ya sura! Nilifikiri juu ya Mama na nyasi zake.

Waliokaa nami bila kusema neno walikuwepo pia. Wanawake wa jumuiya walilala chini sebuleni kwangu usiku wote wa matanga, na nilipoamka saa tisa kwa mazoea, mikono inatafuta mabega ya kugeuza, mmoja alikuwa macho. Hakuniuliza kitu. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka wake.

Kwa hiyo, Mhariri, mwambie ndugu yetu kwamba nililemewa, na nikasema hivyo kwa kinywa changu, kwa Mungu na kwa watu, na sikufutwa kwenye orodha yoyote. Kinyume chake niliandikwa kwenye kauntabuku. Kama anaweza, siku moja apite Bukoba, nitamwonyesha. Sasa ninalitunza mimi, kwa sababu mwinjilisti macho yamekuwa mabaya na anasema mwandiko wangu bado unasomeka.

Wiki hii Jumanne zamu ni yangu. Ni kwa binti mmoja wa mtaa wa pili, ana miaka 23 na mtoto mwenye kichwa maji, na baba wa mtoto amekwenda Geita kwenye dhahabu hajaonekana tena. Wiki iliyopita aliniambia kwamba yeye haombi siku hizi, akanitazama kuona nitafanyaje. Nikampokea mtoto nikamwambia akaoge. Alikaa bafuni karibu saa nzima, na nilisikia analia huko ndani, nikamwimbia mtoto kwa sauti kubwa kidogo ili ajue hatumsikilizi.

Anapenda maharage yaliyoungwa kwa karanga. Nimeshayaloweka.

Mwalimu mstaafu,
Hamugembe, Bukoba
(Jina langu Mhariri unalo)